Mwanafunzi wa fildi alipwe na ofisi anayoitumikia

Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30. Kuanzia Julai mosi, kila halmashauri nchini ina miezi mitatu ya kuandaa hesabu za mwaka uliopita, na ifikapo Septemba 30 taarifa hizo ziwe zimeshawasilishwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni miezi hiyohiyo ambayo vyuo vingi vimefunga, na wanafunzi wa uhasibu, kodi, ununuzi na ukaguzi wanaingia maofisini kwa mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyosema. Vijana wanatufikia wakati ambapo idara ya fedha inahitaji watu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Nimestaafu uhasibu wa serikali za mitaa baada ya kufanya kazi katika halmashauri za kusini tangu nikiwa msichana. Nimepokea wanafunzi wa fildi kutoka Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Taasisi ya Uhasibu, Mzumbe, Chuo cha Uhasibu Arusha na Hombolo. Nimewasainia logibuku zao, nimewajazia fomu za tathmini, na wengi wao leo ni wahasibu na wakaguzi wenye vyeo. Nikiwa nje ya ofisi sasa, nina uhuru wa kulisema wazi jambo lililonikera miaka yote: kijana anayefanya kazi ya Serikali ndani ya ofisi ya fedha ya Serikali anapaswa kulipwa na ofisi hiyo, kwa kiwango kinachojulikana na kupitia benki. Asiachwe aishi kwa huruma ya msimamizi wake.

Wasiowahi kukaa idara ya fedha wanadhani mwanafunzi wa fildi anakuja kutazama. Anatazama kwa siku mbili tatu za kwanza. Kuanzia wiki ya pili anakabidhiwa maboksi. Ndani ya maboksi kuna hati za malipo za mwaka mzima, na kila hati inatakiwa iwe na viambatisho vyake: dokezo lililoidhinishwa, ankara, hati ya kupokelea mali, risiti ya mashine ya EFD, orodha ya waliolipwa yenye saini zao. Mkaguzi akikuta hati haina viambatisho anaandika hoja, na hoja hiyo itaisumbua halmashauri kwa miaka, mpaka kwenye Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Anayekaa chini kwenye sakafu ya stoo ya kumbukumbu, akizipanga hati hizo kwa namba na kuandika zipi zimepungukiwa na nini, mara nyingi ni mwanafunzi. Usuluhishi wa benki wa miezi iliyorundikana anausogeza mwanafunzi. Anayezunguka na rejista ya mali za kudumu akihesabu viti, kompyuta na pikipiki, akibandika namba, ni mwanafunzi. Nimeona hesabu za halmashauri zikiwahi tarehe kwa sababu tulikuwa na vijana wanne hodari msimu ule, na mwaka uliofuata nimeziona zikichelewa kwa sababu hatukuwapata.

Hiyo ni kazi. Ina tarehe ya mwisho, ina anayeifaidi, na isipofanywa kuna hasara. Kwamba anayeifanya anajifunza hakuiondolei thamani yake. Daktari tarajali naye anajifunza, na Serikali inamlipa posho kila mwezi kwa sababu inajua kuwa wodi isingekwenda bila yeye.

Sasa tutazame mwanafunzi huyu anaishi kwa nini. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kama kipengele cha mafunzo kwa vitendo kimo katika mkopo wake, hupata shilingi 10,000 kwa siku, zisizozidi siku 56. Ni shilingi 560,000. Wengi hudhani hizo ni fedha ambazo Serikali inampa mwanafunzi kwa ajili ya fildi. Si hivyo. Ni deni. Atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe, na ndani yake zimo zile siku alizokaa sakafuni kwetu akipanga hati za malipo. Kwa maneno mengine, kijana amekopa Serikalini ili aifanyie Serikali kazi, kisha atailipa Serikali fedha za kumwezesha kuifanya kazi hiyo. Nimekaa na hesabu maisha yangu yote, na hesabu hii sijawahi kuielewa. Akienda fildi mara mbili katika masomo yake na kukopeshwa mara zote mbili, ana deni la shilingi 1,120,000 lililotokana na kutusaidia sisi.

Huyo ndiye mwenye bahati. Wa astashahada hana mkopo wowote. Wa stashahada walianza kukopeshwa mwaka wa masomo 2023/2024, tena kwa fani chache za kipaumbele. Hawa wanakuja fildi kwa fedha za wazazi, na wazazi wenyewe ni wakulima wa ufuta na mihogo ambao mwezi Julai ndiyo kwanza wanasubiri malipo ya mnada.

Nakumbuka binti mmoja aliyefika ofisini kwangu na begi lake, barua ya chuo mkononi. Akanisalimu, “Shikamoo mama.” Nikamwitikia, nikamuuliza amefikia wapi. “Nimefikia kwa binamu yake baba, ila amesema ni kwa wiki mbili tu.” Fildi yake ilikuwa ya wiki nane. Sikumuuliza zaidi siku ile, ila nilijua, kama anavyojua kila mama aliyewahi kulea binti, kwamba wiki ya tatu ndiyo ya kuhofia. Binti wa miaka ishirini na mmoja, mji mgeni, hana chumba, hana nauli, na kila jioni anapita mbele ya watu wazima wenye magari wanaojua kwamba hana. Tulimpatia pa kulala kwa karani wetu mmoja mwenye moyo. Lakini utaratibu wa Serikali hauwezi kutegemea kwamba kila idara ina karani mwenye moyo. Mabinti wengine hawakumpata huyo karani, na yaliyowapata baadhi yao siyaandiki hapa kwa heshima yao.

Katika ofisi za fedha kuna hatari nyingine ambayo haipo kwa mwanafunzi anayejifunza, tuseme, ukutubi. Huku kwetu mwanafunzi anakaa karibu na fedha. Anaona nani anadaiwa ushuru na kiasi gani. Anaona zabuni kabla hazijafunguliwa. Katika ofisi za kodi anafuatana na maofisa madukani, anaona makadirio ya mfanyabiashara. Katika timu ya ukaguzi anakaa upande wa mkaguzi, na mkaguliwa ndiye mwenye chai na chapati mezani. Tunamtaka kijana huyu atunze siri na asipokee kitu, na tunafanya vyema kumtaka hivyo. Lakini tunamtaka awe mwaminifu akiwa hajala.

Msimu mmoja wa ufuta tulimtuma mwanafunzi wa mwaka wa pili akasaidie kufuatilia ushuru wa mazao kwenye ghala la chama cha msingi. Ushuru huo, tangu marekebisho ya 2017, ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na kwa halmashauri za kusini ndio moyo wa mapato ya ndani. Ufuta ukipita bila kuhesabiwa sawasawa, madawati na zahanati za mwaka huo zimekwisha kupungua. Kijana alikaa na stakabadhi za ghala upande mmoja na hati za mauzo ya mnada upande mwingine. Akagundua kwamba uzito ulioletwa kwetu kwenye taarifa ulikuwa pungufu ya uliouzwa, kwa tani kadhaa. Alikuja kunionyesha akiwa ameandika kwenye daftari la shule, mistari imenyooka, kila namba ina mahali ilipotoka. Tulifuatilia, na ushuru uliobaki ukalipwa.

Halafu akaniambia jambo la pili, kwa sauti ya chini. Karani wa pale ghalani alimpa shilingi elfu kumi. “Aliniambia ni ya nauli, mama. Nikamrudishia.” Nilijua siku ile kwamba alikuwa ametembea kwa miguu kutoka ghalani hadi stendi, kwa sababu nauli hakuwa nayo. Aliirudisha elfu kumi ile. Mimi namwombea Mungu kila nikimkumbuka. Lakini naikumbuka pia halmashauri yetu, ambayo iliokoa mamilioni kwa jicho la kijana yule na haikuwa na kasma ya kumlipa hata senti. Nilipouliza, niliambiwa mwanafunzi si mtumishi. Nikatoa mfukoni kwangu, na wenzangu wakaongeza.

Hatuwezi kujenga uaminifu wa mhasibu wa kesho kwa kumfundisha, akiwa na miaka ishirini, kwamba ofisi ya umma haimlipi anayeifanyia kazi na kwamba mkate wake utatoka kwa watu wengine wanaopita mlangoni. Somo hilo anaweza kulikumbuka kuliko yote aliyosomeshwa darasani.

Kuna pia suala la nani anapata nafasi. Benki Kuu, Hazina, Mamlaka ya Mapato na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ndizo sehemu zinazotamaniwa na kila mwanafunzi wa fedha, kwa sababu majina yake kwenye wasifu yana uzito. Makao makuu ya ofisi hizo yapo Dodoma na Dar es Salaam. Mwanafunzi ambaye shangazi yake anakaa Tabata au Area C anaweza kukaa huko wiki nane bila kulipia chumba. Mtoto wa Tandahimba au Kasulu asiye na ndugu mjini, hata awe na alama za juu kuliko darasa zima, anapiga hesabu ya chumba na daladala na kuamua kurudi kijijini kwao, au kuomba ofisi yoyote iliyo karibu na ndugu yeyote. Kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kukusudia, nafasi bora zinawaendea wenye ndugu. Miaka michache baadaye nafasi ya kazi inatangazwa, na aliyekwisha kukaa pale ndiye anayejua mifumo na majina ya watu. Posho ya kueleweka ingemfanya yule wa Kasulu naye aweze kuomba.

Na faida haiishii mijini. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo ninapoona Serikali inaacha mali chini bila kuiokota.

Tangu 2016, elimu bila ada ilipoanza, fedha za uendeshaji zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kuanzia 2017 zahanati na vituo vya afya navyo vikaanza kupokea fedha moja kwa moja, na ukaletwa mfumo wa kielektroniki wa kuhasibu fedha za vituo vya kutolea huduma, FFARS. Uamuzi ulikuwa mzuri; fedha zilikuwa zikikwama wilayani. Lakini mwenye kutunza vitabu kule chini ni nani? Katika zahanati nyingi ni muuguzi. Asubuhi anapima watoto uzito, mchana anazalisha, jioni anatafuta mtandao ili aingize matumizi ya dawa na mafuta ya pikipiki kwenye mfumo. Shuleni ni mwalimu mkuu mwenye vipindi. Serikali imeajiri wahasibu wasaidizi katika baadhi ya vituo, na nimeona tofauti waliyoleta, lakini hawatoshi. Nimekwenda zahanati nikakuta risiti zimefungwa kwa mpira ndani ya boksi la glavu, muuguzi analia, mkaguzi anakuja Jumatatu. Hakuwa ameiba kitu, ila hakufundishwa.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu anaweza kuyaweka sawa mahesabu ya zahanati ile kwa wiki moja. Katika wiki nane anaweza kuzunguka zahanati na shule za kata nzima, akamwacha kila muuguzi na kila mwalimu mkuu akijua namna ya kufunga mwezi. Yeye naye angejifunza kuliko anavyojifunza akibanana na wenzake kumi na watano kwenye chumba kimoja cha makao makuu, ambako kazi aliyonayo ni kupeleka mafaili. Kwa nini haendi? Kwa sababu kata ile haina ndugu yake, haina chumba alicholipiwa, na gari linapita mara moja kwa siku. Mlipeni, mpatieni pa kulala katika nyumba ya mtumishi, atakwenda. Vijana wetu si waoga wa vumbi.

Najua maswali yatakayoulizwa, maana niliyasikia vikaoni miaka yote.

La kwanza ni fedha. Tupige hesabu. Chukua kiwango kilekile cha Bodi ya Mikopo, shilingi 10,000, kwa siku arobaini za kazi: kila mwanafunzi ni shilingi 400,000. Halmashauri ikichukua kumi, ni milioni nne kwa mwaka mzima. Tangu Julai 2022 posho ya safari za ndani kwa mtumishi wa kiwango cha chini kabisa ni shilingi 100,000 kwa usiku mmoja. Maana yake, mtumishi mmoja akisafiri usiku nne kwenda semina, ametumia posho ambayo ingemlisha mwanafunzi miezi miwili akifanya kazi. Siwaonei wivu watumishi. Nilikuwa mmoja wao na nilisafiri. Nasema tu kwamba halmashauri inayopata fedha za semina haiwezi kusema haina fedha za vijana kumi. Mapato yaliyookolewa pale ghalani katika msimu mmoja yangewalipa.

La pili ni kwamba tukiwalipa, watakuja kwa ajili ya fedha na si kujifunza. Wanaosema hivyo wote wanapokea mshahara, na wanajifunza kazini hadi leo. Kulipwa kunampa msimamizi haki ya kudai. Mwanafunzi asiyelipwa akikosa kuja siku tatu, utamfanya nini? Unajua pengine amekosa nauli. Nilivumilia utoro mwingi kwa sababu hiyo, na kazi iliharibika. Anayelipwa atasaini mahudhurio, logibuku yake itasainiwa kila wiki, na posho itafuata saini. Asiyefanya kazi, asilipwe.

La tatu ni la haki: wanasema Serikali tayari ina programu za mafunzo ya uzoefu kazini. Ni kweli. Ofisi ya Waziri Mkuu ina mafunzo ya utarajali kwa wahitimu, na majirani zetu Kenya, kupitia Tume yao ya Utumishi wa Umma, wamekuwa wakichukua wahitimu kwa mwaka mmoja na kuwalipa posho ya mwezi tangu 2019. Ni mambo mema yanayopaswa kukua. Lakini yote ni kwa waliokwisha kuvaa joho. Mwanafunzi aliye katikati ya masomo, ambaye mtaala wenyewe unamlazimisha aje ofisini, ambaye bila fildi hahitimu, yeye hayumo. Tunamlazimisha aje, kisha tunasema kuja kwake hakutuhusu.

Serikali hii imeonyesha kwamba mzigo wa wanafunzi unaweza kupunguzwa. Mwaka 2021 iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, na maelfu ya walimu na wahasibu vijana walipumua. Kuliondoa deni la fildi ni hatua ndogo zaidi ya ile. Bodi ingebaki na kazi yake ya ada, chakula na malazi. Siku za fildi zingelipwa na ofisi iliyompokea mwanafunzi, kupitia mfumo wa malipo wa Serikali, moja kwa moja kwenye akaunti yake. Bahasha iondoke kabisa, na “nitakuona baadaye” ya msimamizi iondoke nayo. Nafasi zitangazwe mapema, mwezi wa nne au wa tano, zikiwa na idadi na kata, na waombaji wachujwe kwa alama na mahitaji. Barua ya mjomba isiwe na nafasi humo.

Kila mwaka Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti, na kila ofisi ya umma huufuata. Naiomba Wizara iweke katika mwongozo ujao kasma ya posho ya wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwa idara zote za fedha, ukaguzi wa ndani na ununuzi, na TAMISEMI iagize kwamba nusu ya nafasi za halmashauri ziwe kwenye kata, karibu na zahanati na shule. Kwa waweka hazina wenzangu mlio kazini, msisubiri mwongozo: mapato ya ndani mnayapangia ninyi, na baraza la madiwani likielezwa faida yake kwa namba litapitisha. Wekeni milioni nne kwenye rasimu ya mwaka huu, mbele ya madiwani, na kabla Julai haijafika muwe mmejua ni vijana gani wanakuja na watalala wapi.